Mbegu za Kanga na Ghala la Kiboko

Aliyekula ameshiba?

Ameshiba!

Vyombo vimeoshwa?

Vimeoshwa!

Basi kaeni, masikio huku.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa wakulima wa mahindi. Kanga alikuwa mmoja wao. Siku hizo manyoya yake yalikuwa meusi tii, hayana doa hata moja. Alikuwa na vifaranga tisa na shamba la kuwatosha hao tisa, basi.

Mkubwa wa bonde alikuwa Kiboko. Alijenga ghala moja kando ya mto, akatoa amri kwamba mahindi yote yapelekwe kwake, na ni marufuku kumuuzia mwingine. Alilipa kwa chumvi. Aliyekaa karibu na aliyekaa nyuma ya mlima walipata chumvi sawasawa. Kanga aliona jambo hilo ni jema, maana kabla ya hapo Fisi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na bei yake.

Kanga akapeleka magunia yake. Kiboko akayatazama, akauliza, "Na yale yaliyotundikwa juu ya meko je?"

Kanga akashtuka. Yale yalikuwa mbegu. Mama yake alimfundisha kuchagua mahindi mazuri kuliko yote, kuyafunga pamoja na maganda yake na kuyatundika juu ya meko, moshi uyapige, dumuzi wasiyatoboe. Hayo hayaguswi hata watoto wakilia njaa.

"Hayo ni mbegu, Bwana Mkubwa," alisema.

"Bi Kanga, ghala langu na dari lako, kipi kikubwa? Mbegu utazikuta hapa mvua zikinyesha."

Ghala lilikuwa kubwa kweli. Tena kila asubuhi Panya, mkaguzi, aliyachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na tundu cha kuchotea nafaka bila kufungua gunia, akatangaza kwamba mahindi ni safi. Kanga akateremsha mbegu zake, akazipeleka.

Mvua zikaanza. Kanga akaenda ghalani. Panya akamwambia Kiboko yuko majini, arudi kesho. Akarudi kesho. Akaambiwa funguo anazo Kiboko, na Kiboko yuko majini. Siku ya tatu alikwenda na bonde zima, Ngiri akiwa mbele, mvua ikiwanyeshea. Ngiri hakuuliza habari za funguo. Aliusukuma mlango kwa kichwa ukaanguka.

Magunia ya mlangoni yalikuwa mazima, yamejaa. Wanyama wakacheka kwa furaha.

Kanga akapita hadi nyuma. Akagusa gunia la kwanza kwa mdomo. Gunia likanywea kama mtu aliyeketi ghafla, unga ukamrukia. Akagusa la pili. Likanywea, unga ukamrukia. La tatu alilitambua kwa kamba ya mgomba aliyoifunga mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na mbegu zake. Punje zilikuwa matundu matupu, na dumuzi wakapanda bawa lake wakitembea.

Kicheko kilikatika. Kanga alisimama pale ameloa, unga umemganda mwili mzima, wala hakujifuta. Alikuwa akiwaza vifaranga tisa.

Ngiri akamuuliza Panya alikuwa akichoma magunia gani kila asubuhi.

"Ya mlangoni," Panya akasema. "Hakuna aliyeniambia niingie ndani."

Kiboko aliposikia ghala limefunguliwa, alizama mtoni ikabaki pua tu juu ya maji. Mpaka leo yumo.

Basi amri ya ghala ikafa, na Fisi akaja na magunia ya mbegu. Alisema sasa soko ni huru, kila mtu auze atakapo. Mbegu alitoa kwa mkopo, gunia moja la mavuno kwa kila kibaba. Kanga akachukua vibaba vitatu. Angefanyaje?

Alilima, akapalilia, akavuna. Kabla ya kula hata hindi moja, alichagua mazuri, akayatundika juu ya meko. Kisha Fisi akaja na magunia yake.

Gunia la kwanza lilipojaa, Fisi alilipandia na magoti, akalishindilia, akaongeza. Likajaa tena. Akashona wavu juu ya mdomo wa gunia, akajaza na wavu. Gunia likawa na kichwa kama cha mtu aliyejifunga kilemba.

"Hilo ni gunia moja?" Kanga akauliza.

"Mdomo ni mmoja, bibie. Soko ni huru. Hutaki, tafuta mwingine."

Kanga alikwisha kumtafuta huyo mwingine. Wanunuzi watatu walipita bondeni, na wote watatu walikuwa mashemeji wa Fisi. Aliona ametoka kwenye mlango mmoja wa Kiboko akaingia kwenye mlango mmoja wa Fisi.

Gunia la pili, nalo na kichwa chake, likachukua akiba yake ya chakula. La tatu likabaki na upungufu. Fisi akainua macho. "Na yale ya juu ya meko je?"

Kanga akaja akasimama mbele ya meko, vifaranga wote tisa nyuma yake.

"Gunia lako lina kichwa," alisema. "Vikate vichwa vyote viwili, ujazie hilo la tatu. Utaona mkopo umeisha."

Fisi akacheka. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Ngiri, na nyuma ya Ngiri majirani. Fisi akakata vichwa. Gunia la tatu likajaa, na mahindi yakabaki.

Majirani wakaanza kubishana. Wengine walimtaka Kiboko arudi kwa sababu ya bei yake sawa. Wengine walisema afadhali Fisi, angalau mahindi hayaliwi na dumuzi. Kanga alileta debe lake na ubao wa kusawazishia, akaviweka katikati. Akasema, anayetaka kuhifadhi afungue ghala mpaka nyuma, na anayetaka kununua apime kwa debe hili, juu apitishe ubao. Habari za mbegu, alisema, hazimo kwenye mazungumzo.

Fisi alisusa. Siku ya tatu akaja Nguchiro kutoka bonde la pili, akapima kwa debe, akapitisha ubao, akalipa. Siku ya nne Fisi naye akaja, ameshika debe.

Kanga alijiosha mtoni mara tatu. Unga wa ghala haukutoka. Hayo ndiyo madoa mnayoyaona.

Funzo ni hili: mwenye ghala na mwenye soko, wote wakaguliwe. Na mbegu yako usimkabidhi yeyote, hata akiwa na ghala kubwa, hata akiwa na maneno matamu.

Hadithi yangu nimeifunga kamba, nimeitundika juu ya meko. Atakayeitaka ataiteremsha mwenyewe.