Tairi la Kulia

Tairi likilika, pima mwenzake. Mmeisikia leo sokoni mkaicheka, mkadhani ni maneno ya mafundi tu. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa siku ambayo mtu nusura apoteze jina lake.

Bondeni Kyela, mvua ikishika, njia za mashamba ya mpunga hugeuka uji. Ndiyo maana zahanati moja ya huko ilipewa pikipiki ya magurudumu manne. Aliyeiendesha ni muuguzi Tusekile, kisanduku cha chanjo kikiwa kimefungwa nyuma yake, katikati kabisa. Lakini ndani ya miezi mitatu tairi la nyuma la kulia likawa kipara, likabadilishwa, likawa kipara tena, ilhali la kushoto lilibaki na meno yake yote.

Maneno yakaanza. Tusekile anabeba mkaa kwa siri, anafunga magunia upande wa kulia! Asubuhi moja kamati ikakaa uani, na ufunguo wa pikipiki ukawekwa mezani mbele ya mwenyekiti, Mama Atupele. Tusekile aliutazama kama mzazi anayetazama mwanawe mikononi mwa mgeni. Akishindwa leo, ufunguo haurudi, na kina mama waliompa watoto wao awachanje watamwita mwizi.

"Tairi halisemi uongo," alisema Ambilikile, mtunza stoo. "Upande unaobeba ndio unaolika. La kushoto nalitunza mwenyewe. Lina kitundu kinachovuja, kwa hiyo kila alfajiri nalijaza upepo mpaka linakuwa gumu kama jiwe. Mmewahi kuliona likiisha?"

"Dada, huo mkaa mbona hutugawii tukachomea mahindi?" mmoja akatania. Watu wakacheka.

Tusekile hakucheka. Gumu kama jiwe. Maneno hayo yalimkwama kichwani. Alikumbuka jinsi usukani ulivyomvuta kulia kila aliposhika njia iliyonyooka, naye siku zote akalaumu tope.

"Mama mwenyekiti," alisema, "naomba bandeji."

"Umeumia, mwanangu?"

"Bado."

Akaomba pia tairi jipya lililoletwa asubuhi ile lifungwe kulia kwanza. Likafungwa, likatiwa upepo wa kawaida, na sehemu ya nyuma ya pikipiki ikainuliwa juu ya matofali. Tusekile akalizungushia bandeji, akaikata pale ncha zilipokutana. Kisha akaizungusha bandeji ileile kwenye tairi la kushoto.

Ncha hazikukutana. Zilipungukiwa vidole vitatu.

"Hili la kulia halijakanyaga hata tope," alisema. "Nani amelibebesha mkaa?"

"Sawa, la kushoto ni kubwa," Ambilikile alisema kwa ukali. "Ukubwa ni kosa?"

"Yamefungwa kwenye chuma kimoja, kaka. Yanazunguka pamoja, moja haliwezi kumsubiri mwenzake. Kila mzunguko kubwa linataka kufika mbali, dogo halifiki, basi linaburuzwa. Linaburuzwa toka hapa mpaka mtoni, kila siku. Lisilike kwa nini?"

"Maneno matamu," alisema Mama Atupele, mkono wake ukiwa bado juu ya ufunguo. "Nionyeshe."

Tusekile alipiga magoti, akabonyeza pini ya vali, pale pa kutilia upepo, kwenye tairi la kushoto. Upepo ukatoka ukipiga mluzi. Akaminya kwa dole gumba tairi hili, akaminya lile, akaachia tena kidogo. Kisha akaizungusha bandeji mara ya pili.

"Ngoja," alisema Ambilikile. "Nishike mwenyewe."

Akaivuta ncha moja, akaivuta ya pili. Zikagusana. Alibaki amechuchumaa hapo, macho chini.

"Nami nilidhani nalitunza," alisema taratibu.

Mama Atupele akausukuma ufunguo mezani hadi kwa Tusekile. "Kitundu kizibwe leo," alisema. "Na wewe, mwanangu, nenda. Watoto wanangoja."

Miaka ikapita. Mama Atupele akawa mtu wa kusuluhisha nyumba za watu. Siku moja mume aliyenawiri alimleta mkewe aliyekonda, akamshitaki kuwa ni mvivu, hana nguvu, nyumba haiendi. Mama Atupele hakumwuliza mke hata neno moja. Alimgeukia yule mume, akamtazama toka kichwani hadi viatuni, akasema:

"Tairi likilika, pima mwenzake."