Toleo la Kwanza la Tumeona

Hapo zamani, zamani ambayo wenyewe bado wapo na wanaweza kunisuta nikiongopa, tamasha la sanaa la Lindi lilikuwa na jarida lake la uhakiki. Liliitwa Tumeona, na lilikuwa la bure. Ukifika mlangoni unapewa, unajua ngoma ipi ukaitazame na mchezo upi uukimbie.

Mwanzilishi wake ni Somoe, mwalimu mwenye ulimi mkali. Sharti lake lilikuwa moja: usipouona mchezo mpaka mwisho, usiuandike. Mwaka ule wa kwanza mvua ikanyesha katikati ya mchezo wa Mnali, mwigizaji wa jukwaani. Watazamaji wote wakatimka. Somoe akabaki peke yake uwanjani, kajifunika kanga, maji yanamchuruzika mpaka viatuni. Akaandika: "Mnali ana kelele kuliko mvua. Lakini alicheza hadi neno la mwisho mbele ya mtu mmoja, na huyo mmoja alilia."

Maneno hayo akampelekea Hokororo, mwenye mashine ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono. Hokororo alikuwa na kadi za harusi za kuchapa. Akaziweka kando, bwana harusi akanuna, yeye akazungusha mashine mpaka bega likavimba. Wakamshauri jarida liuzwe.

"Likiuzwa litasomwa na wenye nacho tu," akasema. "Gaweni."

Wakagawa. Kesho yake watu wakafurika kumwona Mnali. Ila cha bure, si mnatujua! Jarida likishasomwa, linafungiwa karanga. Mlangoni alikaa Bi Havijawa, mkata tiketi, ambaye aliwasomea wasiojua kusoma. Alipoishiwa nakala, Mnali akampa yake mwenyewe.

"Wasomee, dada. Mimi yangu nimeshayasikia."

Miaka ikapita. Jarida likanenepa, likawa na picha za rangi, na watu wakaanza kulitafuta toleo la kwanza. Halikuonekana popote, isipokuwa kwa Bi Havijawa, ndani ya sanduku la kanga. Mwaka huu, uzee umemfika na anahamia Masasi kwa bintiye, akawaita wote watatu asubuhi ya safari.

"Nakala kivuli kila mtu atapata," akawaambia. "Hili lenyewe nampa mmoja. Haya, semeni."

Somoe akatangulia, kama kawaida yake. "Niliyelowa ni mimi, Bi Havijawa. Wote walikimbia. Ningekimbia na mimi, kingeandikwa nini? Karatasi zangu zote zimeliwa na mchwa. Kazi yangu ya kwanza imebaki hiyo tu."

Hokororo akacheka. "Mwalimu, maneno yako yangeozea kwenye pochi! Tazameni hapo pembeni, hilo doa la wino ni kidole changu. Bega hili mpaka leo halinyanyuki. Mashine imeshakuwa chuma chakavu. Ukitaka kujua kama niliwahi kuchapa kitu cha maana, ushahidi ni huo."

Mnali hakucheka. Koo lake liliugua, sauti ikaondoka, sasa ananong'ona tu. Ikabidi wamsogelee.

"Wajukuu zangu hawaamini kama niliwahi kuwa na sauti," akasema. "Hapo pameandikwa. Kelele kuliko mvua. Halafu, nakala hiyo ni yangu."

"Ulinipa, kaka," akasema Bi Havijawa.

"Nilikupa uwasomee watu, dada. Sikukupa ukae nayo."

"Lakini Mzee Mnali," Somoe akadakia, "Tumeona likishatolewa halirudi kwa aliyetoa. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Mlikubaliana wewe na Hokororo. Mimi nilikuwa jukwaani."

Kusema kweli roho iliniuma kwa kila mmoja wao. Basi la Masasi likapiga honi. Bi Havijawa akalifungua jarida taratibu, karatasi imekuwa njano, akalinyoosha mbele. Mikono mitatu ya kizee ikainuka, na hakuna uliopora.

Mimi nilikuwepo. Haya, nyinyi mlioketi hapa mnanitazama: Bi Havijawa kalishika, basi linamngoja. Je, ungekuwa yeye, ungeliweka katika mkono wa nani?