Wasiorudi Kushukuru

Tabibu mmoja, jina lake Kashindye, alikuwa na zahanati kando ya barabara, na sifa zake zilifika hadi vijiji vya nyuma ya kilima. Mtoto akiletwa anaharisha, Kashindye alimpa dawa ya kufunga tumbo, kisha akamkataza mama yake asimpe maji, maana aliamini maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Waliopona waliletwa tena na mama zao kushukuru, huyu na kuku, yule na karanga. Naye akajipiga kifua kwamba dawa yake haijawahi kukosea.

Basi ukaja mwongozo kutoka kwa matabibu wenzake. Hao walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba katika nchi nyingi, wakauliza habari za waliopona na za waliozikwa, wakakubaliana kwamba mtoto anayeharisha anyweshwe maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, bila kuchoka. Kashindye akatia pamba masikioni. Akasema yeye amejionea mwenyewe waliopona, hana haja ya kufundishwa kazi na watu asiowajua.

Wiki hiyohiyo Nyamizi, mjane wa nyuma ya kilima, akamleta mwanawe wa pekee. Akapewa dawa ileile na katazo lilelile. Hakurudi, na Kashindye akadhani mtoto ni mzima.

Baada ya mavuno Kashindye alialikwa harusini huko nyuma ya kilima, akapita kwa Nyamizi kumjulia hali mtoto. Kusema kweli, alitaka kushukuriwa. Nyamizi akamkaribisha kwa heshima, akampa kigoda, akamletea maji ya kunywa katika kata. Kashindye akauliza mtoto yuko wapi.

"Alikuwa akiniomba maji, daktari," Nyamizi akasema. "Nikamnyima, kama ulivyoniagiza."

Hakumlaumu, wala hakulia. Kashindye akaiweka kata chini bila kunywa, akaaga. Harusini hakwenda. Alirudi kwa miguu, na kila boma alilopita akaona kaburi dogo nyuma ya nyumba, akaogopa kuuliza ni la nani.

Tangu siku hiyo aliufuata mwongozo, na watoto wengi wakapona. Lakini kila mama aliyerudi na kuku wake alimkuta Kashindye ameinama, hawezi kumtazama usoni.

Nanyi mnaosema mmejionea kwa macho yenu, je, wale wasiorudi mmewahi kwenda kuwauliza?