Guta la Papa Chini ya Roshani ya Mwenyekiti

Palikuwa na mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, Bwana Matimbwa, ambaye hakuwa na jeshi wala taji, ila alikuwa na mnyororo. Msicheke mapema, jamani. Mnyororo ule ulitawala Majumba ya Pepo Tulivu, nyumba arobaini ndani ya uzio mmoja pale Dar es Salaam. Gurudumu lolote likikanyaga vigae vyake bila kibali, linafungwa, na mwenye gurudumu anadaiwa ada ya mwaka mzima: maegesho, bwawa la kuogelea, bustani na chumba cha mazoezi. Mwaka mzima! Hata kama umeingia kushusha mkungu mmoja wa ndizi.

Na kufunga tu hakukumtosha. Chombo kilichokamatwa kilikokotwa hadi eneo namba moja, chini ya roshani yake, ili akinywa chai awe anamtazama mhalifu wake. Kisha akabandika kanuni getini: kilichofungwa hakifunguliwi, hakisogezwi, wala mzigo wake hauguswi mpaka stakabadhi ya malipo itolewe, hata aamuru mwenyekiti mwenyewe. Shemeji yake alikaa siku mbili bila gari, naye Matimbwa akajisifu kikaoni kwa hilo. Makofi yakapigwa. Watu wazima, wana digrii zao, wanapiga makofi!

Basi Jumamosi moja, saa nne asubuhi, akaingia Siwema, mchuuzi wa samaki wakavu. Alikuwa anaendesha guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, limejaa papa mkavu kilo themanini. Guta lile na papa wale ndio mtaji wake wote. Asipouza siku hiyo, yeye na mama yake wanalala na chai ya rangi. Akapanda ngazi kumpelekea mkazi mmoja vipande viwili alivyoagiza. Aliposhuka, guta halipo.

Akalikuta eneo namba moja. Mnyororo umepita katika magurudumu yote matatu. Pembeni amesimama Chande, mlinzi, ufunguo shingoni, anatazama viatu vyake. Juu, roshani, Matimbwa na kikombe.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Laki sita."

"Hata za nyumbani hatujaulizana?"

"Laki sita, binti. Maegesho, bwawa, bustani, mazoezi."

"Mazoezi nimeshafanya, nimepiga pedali kutoka Feri mpaka hapa. Na hilo bwawa mbona sijaliona?"

"Lipo. Ni huduma ya pamoja."

"Basi nionyeshe, nikaoge."

"Wachuuzi hawaruhusiwi bwawani."

"Ila kulilipia wanaruhusiwa?"

"Kulilipia ni wajibu."

Chande akakohoa. Siwema akajaribu upole. "Mzee wangu, laki sita sina. Niachie nichukue papa wangu nikauze, guta libaki."

"Mzigo hauguswi. Hujasoma kanuni?"

"Ngoja nikaisome."

Akaenda getini, akaisoma mpaka kwenye sahihi. Akarudi, akatandika khanga kivulini, akakaa.

"Unafanya nini?" akauliza Matimbwa.

"Naitii kanuni."

"Itii mpaka mwakani!" Akaingia ndani anacheka.

Sasa jua la Dar mnalijua. Mimi na papa hatuna ugomvi. Chunguni, na tui zito la nazi, namheshimu. Lakini kilo themanini juani! Saa sita harufu ikapanda roshani. Saa saba ikaingia sebuleni, haina kibali, haijajiandikisha getini. Saa nane ikakaa kwenye makochi kama mwenye nyumba. Na siku hiyohiyo, saa kumi, Matimbwa alikuwa anategemea washenga, wazee wa kanzu zilizofukizwa udi, wanakuja kumposa binti yake.

Saa tisa na nusu akatoka mbio, leso puani.

"Wewe! Ondoa huo uvundo!"

"Kwa furaha, Mwenyekiti. Umefungwa kwa mnyororo wako."

"Shusha mzigo basi, utoe nje!"

"Mzigo hauguswi. Nimesoma."

"Mimi nakuruhusu!"

"Wewe unaniruhusu. Kanuni je?"

"Chande! Fungua!"

Chande akaushika ufunguo kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, bila stakabadhi kazi sina. Imeandikwa, hata uamuru wewe."

Roshani zote zimeshajaa watu. Sauti ikatoka ghorofa ya pili: "Shemeji yako je, Mwenyekiti? Yeye alikosa nini?"

"Haki iwe sawa!" akajibu mwingine, na wale wale wapiga makofi wakapiga tena.

Matimbwa akatazama saa. Akatazama geti. Akaingia ndani, akatoka na noti zake mwenyewe na kitabu cha stakabadhi.

"Nakulipia! Umesikia? Nakulipia, uende!"

"Mungu akuzidishie. Jina ni Siwema Mbwana. Na namba ya eneo usisahau, kanuni inataka."

Akaandika, akachana, akamtupia. Chande akafungua mnyororo haraka kuliko siku zote za ajira yake. Nje ya geti honi ikalia, washenga wamefika.

"Haya, umefunguliwa!" akafoka Matimbwa. "Ondoka!"

Siwema akaiokota stakabadhi, akaikunjua, akasoma kwa sauti ya kufika ghorofa ya nne:

"Imepokelewa kutoka kwa Siwema Mbwana, ada ya maegesho, mwaka mmoja, kuanzia leo, eneo namba moja." Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, akakaa tena chini.

"Niondoke niende wapi, jirani?"