Digidigi Aliyeonja Pombe ya Vita

Hapo zamani za kale, wanangu, ndani ya utumbo wa Tembo palikuwa na mji. Msiniulize wakazi wake waliingiaje. Walikuwamo, wana nyumba na mafiga, basi.

Ukuta wa mji ulilindwa na Nyati, na mkubwa wao aliitwa Mbogo. Chini ya ukuta waliishi Panya, wapangaji wasio na ugomvi, wakisaga majani aliyomeza Tembo ili apate nguvu. Na mlangoni pa kambi alikaa Digidigi, mdogo wa kupita chini ya matumbo ya wenzake. Kazi yake ilikuwa kuonja pombe, maana desturi ya kambi ilikataza kunywa kabla mwonjaji hajatoa sumu.

Pombe ile ilikuwa ya vita. Nyati akinywa kata moja, hasira humpanda. Akinywa ya pili, huona adui hata kwenye kivuli chake.

Siku moja Mama Kisaga, panya mzee, alipita karibu na ukuta na mzigo wa majani. Mbogo akapiga baragumu, puuu!

"Adui huyo. Leteni chungu."

"Subiri, mkuu," alisema Digidigi. "Nionje kwanza."

Akainama. Akapiga funda, na funda, na funda.

"Kuonja gani huko?"

"Sumu hujificha chini, mkuu. Mwonjaji mvivu huua kambi nzima."

Akawaachia matone ya kulamba. Kisha akasugua jicho kwenye mwimo wa mlango, yakatoka yale machozi meusi ambayo digidigi huyapaka ili kuacha harufu. Harufu yake ikawaingia Nyati puani na ujumbe mmoja tu: tulieni. Pembe zikainama, Mama Kisaga akapita salama.

Ikawa hivyo kila mara. Alipokuja Mnyoo, adui wa kweli, Digidigi alionja tone tu, akawaacha wanywe wapigane. Tembo akanenepa. Mbogo naye akajisifu kwamba ni yeye anayeogopwa.

Mwishowe Mbogo akachungulia chungu mapema, kabla Digidigi hajasugua jicho, akaona yamebaki matone tu.

"Mwizi wewe, tena msaliti. Sisi tumeua Minyoo. Wewe umeua nani?"

"Sijaua, mkuu. Nimezuia."

"Tuonyeshe ulichokizuia."

Angeonyesha nini? Ukuta mzima? Panya walio hai? Na hao Panya hawakufungua mdomo kumtetea, hata Mama Kisaga, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakamtoa kwa mlango wa nyuma wa Tembo. Mnaujua, msicheke.

Asubuhi yake Mama Kisaga akapita na mzigo. Puuu! Chungu kikaja kimejaa, wakanywa chote. Wakamkanyaga yeye, wakawakanyaga wapangaji wote, kisha wakaugeukia ukuta wenyewe, maana kila upande walimwona adui. Ukuta ukavimba, ukawaka moto, ukavuja damu. Tembo akaacha kula. Akapiga magoti.

"Digidigi," Mbogo aliita. "Njoo uonje."

Digidigi alimsikia kutoka nje. Akasugua jicho kwenye ubavu wa Tembo, akasugua tena na tena, lakini ngozi ya tembo ni nene, na harufu haikupenya. Tembo akafa na mji wake ndani.

Hata matumboni mwenu, wanangu, wamo askari wakali, na wamo wadogo wanaowapelekea ujumbe watulie. Basi shikeni hili: azuiaye vita hana maiti ya kuonyesha, ndiyo maana wajinga humwita mwizi.