Mwezi wa Sheikh Mundhiri

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bondeni, wenye vumbi jingi na visima vichache, aliishi mja mwema aitwaye Sheikh Mundhiri. Mbali na kusomesha, kazi yake ilikuwa kuutazama mwezi. Mwandamo ulipokaribia alipanda juu ya dari ya msikiti, na neno alilorudi nalo ndilo lililofuatwa: akisema wafunge, walifunga, akisema ni Idi, walikula. Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Watu walikuwa wakitaniana kwamba Sheikh huuona mwezi kabla mwezi wenyewe haujajijua.

Sifa ni tamu, ndugu zangu, na kama vitu vitamu vyote, huozesha meno polepole. Miaka ilipita, macho ya Sheikh yakaingia ukungu, naye hakumwambia mtu, hata mkewe Bi Lubaba. Akawa anapanda pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Dhakwani, msokota kamba aliyewafundisha watoto wa mtaa herufi, mtu mzima mwenye mke na watoto. Watu hawakuona ajabu, maana mwezi wa Idi hauthibiti ila kwa mashahidi wawili waadilifu. Dhakwani akiuona mwezi hunyoosha kidole, na Sheikh husema, "Naam, ndio huo." Mambo yakaenda hivyo, bila uongo mkubwa wala ukweli kamili.

Ikaja Ramadhani moja ya kiangazi kikali. Jioni ya ishirini na tisa Sheikh alipanda ngazi za dari akishika ukuta, magoti yakimwuma, ulimi umekauka. Chini yake alisikia vinu vikitwangwa kwa ajili ya sikukuu na watoto wakiuliza kama mwezi umeandama. Dhakwani alisimama muda mrefu akiangalia magharibi.

"Sioni kitu, mwalimu," alisema. "Vumbi limefunga."

Sheikh Mundhiri alichoka. Alichoka mpaka kwenye mifupa. Akafikiria siku nyingine ya kiu kama ile, na nyuso za watu wakati atakapowaambia warudi wakanuie tena. Hayo yalikuwa mazito, lakini chini yake palikuwa na jambo dogo na baya zaidi: mwezi uliopita alikuwa amemsikia mtu akisema barazani kwamba hata macho ya Sheikh yana haki ya kupumzika. Akainua kidole, akakielekeza kwenye vumbi.

"Tazama pale. Ule pale, juu ya ule mlima."

Dhakwani akatazama kidole kilipoelekea, asione mlima, sembuse mwezi. Katika mji ule mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba amekosea. Afadhali ameze kaa la moto.

"Umeuona?" Sheikh akauliza.

Dhakwani akajibu, "Nimeuona, mwalimu."

Wakashuka, wakashuhudia mbele ya kadhi, na takbira zikapaa. Bi Lubaba alimtengea mumewe tende na maziwa. Alikula, asisikie ladha yoyote.

Asubuhi waliswali Idi. Sahani zilikuwa zingali barazani msafara wa wafanyabiashara ulipoingia kutoka njia ya milimani. Watu wakawakimbilia kwa vyakula, wakiwasihi wakae, kwani leo ni sikukuu. Mkuu wa msafara aliwatazama kwa midomo iliyopasuka kwa kiu.

"Sikukuu ya nani?" aliuliza. "Sisi tumefunga. Jana tulikuwa kileleni, mbingu nyeupe, na wote tuliangalia. Hapakuwa na mwezi."

Jioni upepo ukatulia, mwezi ukaonekana. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, na ulizama punde tu baada ya jua. Hata mtoto alijua kwamba mwezi wa siku ya pili hauwi hivyo. Mji mzima ulikuwa umekula mchana wa Ramadhani.

Kadhi aliamuru kila mtu ailipe siku ile. Hilo lingeweza kupita kwa manung'uniko tu, kama si Bi Khaula, ajuza wa mtaa wa visimani, ambaye hakuwahi kuacha funga isipokuwa kwa udhuru tangu alipobaleghe. Siku ile alikula wali wa Idi, akajilaza alasiri, asiamke. Binti yake Naila akawa analia msibani akisema, "Mama yangu amekwenda na deni la siku ambayo hakuijua." Kadhi alimwambia kwamba mama yake hana dhambi, kwani alifuata mashahidi, na kwamba siku hiyo italipwa kwa niaba yake. Naila alisikia, na aliendelea kulia.

Basi watu wakaanza kutafuta wa kulaumiwa, na lawama, kama maji, hutelemka kwenda kwa aliye chini. Sheikh Mundhiri hawezi kukosea, walisema. Bila shaka msokota kamba ndiye aliyemhadaa. Dhakwani akaitwa msikitini.

"Uliuona mwezi?" kadhi alimwuliza.

Dhakwani alimtazama mwalimu wake aliyekaa safu ya mbele, kisha akatazama chini. "Sikuuona. Nilisema uongo."

Hakusema zaidi. Hakusema ni kidole cha nani kilichotangulia. Sheikh Mundhiri alikuwa pale pale. Aliyasikia yote, akaendelea kuvuta tasbihi. Kadhi akatangaza kwamba ushahidi wa Dhakwani hautapokewa tena. Wazazi wakawaondoa watoto waliokuwa wakijifunza alifu kwake, na mkewe alipokwenda kisimani wanawake walisogea mbali naye. Naila alikuwa akipita mlangoni pake bila salamu.

Hata hivyo, kila adhuhuri Dhakwani alikuja kumchukua mwalimu wake, kama alivyozoea, akamshika mkono kumpeleka msikitini. Sheikh alitembea kando yake akisikia watu wakimsalimu yeye peke yake. Mkono ule ulimchosha kuliko kiu ya Ramadhani nzima. Siku moja, walipofika mlangoni mwa msikiti, Dhakwani alisema kwa upole, "Ngazi, mwalimu."

Sheikh akasimama. "Tangu lini unajua kwamba sioni?"

"Tangu ulipoanza kuzipapasa kwa mguu."

"Na jioni ile ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilikuonea haya."

Mzee alikaa kwenye ngazi, pale pale kwenye njia ya watu. "Wewe ulinionea haya mimi," alisema, "nami nikawaonea haya watu. Kati yetu sote wawili, hakuna aliyemwonea haya Mwenyezi Mungu."

Wakakaa hivyo mpaka adhana ilipokwisha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Sheikh Mundhiri alisimama akauambia umma kwamba yeye ndiye aliyekiinua kidole, kwamba macho yake yalikuwa yamekufa zamani, na kwamba Dhakwani alikuwa amemwambia haoni kitu. Hakulaumu vumbi wala uzee. La kuvunda halina ubani, alisema, naye alikuwa amelifukiza kwa miaka. Wengine walilia, wengine walikasirika, na mmoja alitoka bila kuchukua viatu vyake. Kadhi, kwa sauti ya uchovu, akautangaza ushahidi wa Sheikh kuwa haupokewi. Kuhusu Dhakwani alisema kwamba naye alikosa, ila kosa lake si lile alilobebeshwa. Atazamwe mwenendo wake mwaka mzima.

Sheikh alikwenda kwa Naila, akabisha hodi na kuomba radhi. Naila hakufungua. Akiwa ndani alisema, "Nimekusikia, Sheikh. Niache kwanza." Akamwacha. Sisi tusomao tungependa mlango ufunguliwe, lakini wasimulizi hawakusema kwamba ulifunguliwa.

Mwaka ule ukapita, na mwingine, na Dhakwani akarudishiwa uadilifu wake. Ikaja jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, kiangazi kile kile, vumbi lile lile. Dhakwani alipanda darini na mtu mwingine. Sheikh Mundhiri alikaa chini uani pamoja na watu, mgongo ukutani, midomo imekauka. Vinu vilikuwa vikitwanga. Kila mtu alitaka kusikia neno moja.

Dhakwani akashuka, akasimama mbele yao. "Hatukuuona," alisema.

Manung'uniko yakaenea uani, na mtu akasema kwa uchungu kwamba enzi za Sheikh wangekuwa wanakula sasa. Sheikh Mundhiri akainua mikono yake. "Alhamdulillahi," alisema, akanyoosha mkono ashikwe ainuke, aende nyumbani akanuie siku ya thelathini.

Ndugu zangu, kuna uongo unaotokana na tamaa, na kuna uongo unaotokana na uchovu na kuogopa nyuso za watu. Huu wa pili huonekana kama huruma, ndiyo maana hutuponyoka kirahisi. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kusema "sikuona" tunapokuwa hatukuona, hata kama mji mzima una njaa, nasi tuna njaa pamoja nao.