Mshona Viatu Aliyeitwa Fundi wa Chai

Nimetumiwa kisa hiki na shemeji yangu, nikashindwa kukaa nacho peke yangu. Kisomeni taratibu, mkinywa chai yenu.

Enzi za mkoloni, Bwana Haldeni alipanda chai kwenye milima ya baridi. Miche ilishika vizuri, ila hakuna aliyejua kuyakausha majani. Yeye alikuwa amesikia kwamba chai ni mambo ya Wachina, basi akaagiza aletewe Mchina kutoka pwani.

Aliyeletwa aliitwa Liau.

"Bwana, mimi nashona viatu," alisema siku ileile. "Chai naijua ikiwa kikombeni tu."

Bwana akacheka. "Mchina asiyejua chai! Unaficha siri za kwenu wewe. Anza kazi. Siku akija Mchina mwenzako wa kukupokea kazi, nitakulipia meli urudi kwa mkeo."

Kadiri Liau alivyokana, ndivyo alivyozidi kuaminiwa. Ikabidi yeye na nyapara Mgovano wabahatishe. Waliunguza majani, wakayaozesha, wakayasugua mpaka viganja vikawa vyeusi. Misimu ikapita hivyo. Hatimaye ikatoka chai nzuri, ya kumpa mgeni bila aibu.

"Nilijua tu!" Bwana akapiga meza. "Imo damuni mwenu."

Liau alitamani kueleweka, maskini. Akamshonea Bwana buti za ngozi, imara, zikamkaa sawasawa. Bwana akatembea nazo huku na huku akitabasamu.

"Kumbe na viatu pia mnaweza!"

Baadaye akaletwa Mchina wa pili, jina lake Fong. Huyu alizaliwa na kukulia kwenye mashamba ya chai. Liau alilia kwa furaha. Alifunga mzigo wake, akamshika mwenzake mkono, wakaenda kwa Bwana.

"Huyu ndiye fundi wa kweli, Bwana. Babu yake alikausha chai, baba yake pia. Sasa niruhusu niende."

Bwana akamtazama Fong, kisha akazitazama buti alizoshonewa na Liau.

"Fundi wa chai ninaye tayari," akasema, akimkabidhi Fong sindano na kipande cha ngozi. "Huyu atashona viatu."

Mgovano akajaribu kuwatetea.

"Wewe unajua nini kuhusu chai?" Bwana akamkatiza.

Liau hakurudi kwao. Alipofariki alizikwa palepale kilimani, mkewe akiwa bado anamsubiri. Bwana alihuzunika sana, na hapo ndipo mimi huumia, maana huzuni yake ilikuwa ya kweli. Akaagiza jiwe zuri lichongwe, juu yake yaandikwe maneno haya: Fundi wa Chai.

Funzo: Mtu akikwambia yeye ni nani, msikilize. Ukiitazama sura yake na kujijibu mwenyewe, utaishi naye, utampenda, na utamzika bila kumjua.